Somo: Kuzuia programu zinazojitupa mbele na kuvuruga mpangilio wako wa madirisha

Wakuu, habari za kazi.

Unaandika nywila, macho yako kwenye kibodi. Ghafla dirisha jingine linajitupa mbele na nusu ya nywila inaingia kwenye kisanduku cha kuchati. Kama una mkono mwepesi, Enter imeshabonyezwa na ujumbe umeshaondoka. Wengi wanaona hili ni kero ndogo ya kuvumilia. Mimi naliona ni suala la usalama, na kompyuta ni yako, kwa hiyo wewe ndiye wa kuamua dirisha gani likae mbele na likae wapi. Somo ni la Windows 10 na 11, na mwishoni nitawagusa wa Linux.

Kwa nini linatokea

Kwenye Windows programu haijiweki mbele kwa kutaka tu. Inaomba. Windows inaangalia: ndiyo uliyokuwa unaitumia? Ndiyo iliyobofywa mara ya mwisho? Imefunguliwa na ile unayoitumia? Ikiwa hakuna kati ya hayo, ombi linakataliwa na alama yake inamulika tu kwenye upau wa chini.

Zuio hilo lina muda wake. Kwa kawaida ni milisekunde 200,000, yaani dakika 3 na sekunde 20 tangu ulipogusa kibodi au kipanya mara ya mwisho. Ukikaa kusoma waraka mrefu bila kugusa kitu, muda unaisha na programu yoyote inaweza kuruka mbele. Halafu kuna watengenezaji wanaokwepa zuio makusudi, kwa mfano programu inajifanya kama wewe umebonyeza Alt. Programu inaweza hata kushusha muda huo hadi 0, na hapo zuio limekufa kwa programu zote, siyo kwake peke yake.

Hatua ya 1: Mjue anayefanya hivyo

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, wanaanza kufuta programu kwa kubahatisha. Dirisha lingine hutokea na kupotea haraka mno usione jina. Fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri la Windows), bandika hii, kisha endelea na kazi zako:

```
Add-Type -Namespace U -Name W -MemberDefinition '[DllImport("user32.dll")] public static extern IntPtr GetForegroundWindow(); [DllImport("user32.dll")] public static extern uint GetWindowThreadProcessId(IntPtr h, out uint p);'
$z = 0
while ($true) {
  $p = [uint32]0
  [void][U.W]::GetWindowThreadProcessId([U.W]::GetForegroundWindow(), [ref]$p)
  if ($p -ne $z) { "$(Get-Date -Format HH:mm:ss) $((Get-Process -Id $p).ProcessName)"; $z = $p }
  Start-Sleep -Milliseconds 300
}
```

Kila dirisha la mbele linapobadilika, saa na jina la programu vinaandikwa. Ukivamiwa tena, rudi usome mstari wa mwisho kabla ya PowerShell yenyewe. Kusimamisha, bonyeza Ctrl+C.

Hatua ya 2: Anza na programu yenyewe

Ukishapata jina, ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo utafute kila kinachohusu kujifungua yenyewe, kuonyesha taarifa au kukaa juu ya madirisha mengine. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Startup apps", na kile usichohitaji asubuhi kompyuta inapowaka ukizime.

Hatua ya 3: Kagua muda wa zuio

Bonyeza kitufe cha Windows + R, andika regedit ufungue rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, kisha nenda:

HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop

Kabla ya kugusa chochote, chagua File kisha Export ili ubaki na nakala. Tafuta ForegroundLockTimeout. Ikiwa ni 0, umeshapata chanzo. Ifungue, chagua Decimal, andika 200000, toka kwenye akaunti na uingie tena. Rudi ukague baada ya siku chache za matumizi ya kawaida. Ikiwa imerudi 0, kuna programu inayoibadilisha, na hiyo mimi singekaa nayo.

Hatua ya 4: Nafasi na ukubwa

Hapa tatizo ni tofauti. Umeweka njia ya mkato, ukaingia Properties, kwenye "Run" ukachagua "Maximized", lakini programu inafunguka kadirisha kadogo katikati ya skrini. Chaguo lile ni ombi tu. Windows inalipeleka kwa programu, na programu ina uhuru wa kulipuuza ikafuata vipimo ilivyohifadhi kwenye faili lake.

Kwa wenye skrini mbili, Windows 11 ina chaguo zuri: Settings, System, Display, Multiple displays, kisha weka alama kwenye "Remember window locations based on monitor connection". Ukirudisha waya wa monita, madirisha yanarudi yalipokuwa.

Ukitaka nguvu zaidi, shusha PowerToys ya Microsoft. Ni ya bure, ila ni mamia ya MB, kwa hiyo panga bando lako. Ndani yake kuna FancyZones: unagawa skrini kwa vipande unavyotaka, unaburuta dirisha huku umeshika Shift, linakaa kwenye kipande chake. Washa pia "Move newly created windows to their last known zone", ili programu ikifunguka upya irudishwe pale ulipoiweka wewe.

Wa Linux

Sijaona mfumo unaomheshimu mtumiaji kwenye hili kama KDE Plasma, moja ya mazingira ya dawati ya Linux. Bofya kulia mstari wa juu wa dirisha, More Actions, kisha "Configure Special Application Settings". Ongeza Position, Size au "Ignore requested geometry", na kwenye kila moja unachagua uzito wa amri. "Apply Initially" inafuatwa dirisha linapofunguka tu, "Remember" inakumbuka ulipoliacha, na "Force" haibishaniwi kabisa. Kuzuia kujitupa mbele kuna ngazi kuanzia None hadi Extreme. Iliyowekwa tangu mwanzo ni Low. Jaribu Medium kwanza, maana Extreme inaweza kuzuia hata dirisha ulilolifungua mwenyewe.

Kwenye Wayland, njia mpya ya Linux ya kuonyesha madirisha, programu ya kawaida haina hata njia ya kujipangia nafasi kwenye skrini. Mpangaji ni mfumo.

Maswali ya wadau

Mkuu, nina steshenari. Kila nikituma kazi kwenye printa, dirisha la wino linaruka mbele wakati naendelea kuchapa kazi ya mteja mwingine. Nimeweka 200000, bado.

Hilo hufunguliwa na programu ya hali ya printa iliyokuja na draiva. Fungua "Printing preferences" za printa yako, pitia vichupo vyote utafute sehemu ya hali ya printa au matengenezo, uzime kujionyesha yenyewe. Usipoliona, ondoa programu hiyo ya ziada na ubakize draiva peke yake. Printa nyingi zitaendelea kuchapa kama kawaida.

FancyZones inashika madirisha yote isipokuwa programu yetu ya uhasibu. Shida nini?

Huenda hiyo ya uhasibu inaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi. Programu ya kawaida hairuhusiwi kusogeza dirisha la programu yenye mamlaka ya juu kuliko yake. Ingia PowerToys, sehemu ya General, uiruhusu nayo iendeshwe kama msimamizi. Kama kompyuta ni ya ofisi, muombe fundi wenu kwanza.

Kaka, nimechomoa projekta na sasa dirisha linafunguka mahali nisipopaona. Nalisikia tu.

Limekumbuka skrini ambayo haipo tena. Lichague kwa Alt+Tab, bonyeza Alt+Space, kisha M, gusa mshale wowote mara moja, halafu sogeza kipanya: dirisha litakifuata. M ikikataa, bonyeza Alt+Space tena, chagua Restore, urudie. Kwa programu zisizoonyesha menyu hiyo, shika kitufe cha Windows na ubonyeze mshale wa kushoto.

Kuna dirisha la video la mkutano linang'ang'ania juu ya kila kitu, ila maandishi yangu yanaingia sawa. Nayo ni rejista?

Hapana. Hilo limejipa hadhi ya kukaa juu daima bila kunyang'anya kibodi, na muda wa zuio hauligusi. Zima kwenye mipangilio ya programu ya mkutano. Kama haina chaguo hilo, bonyeza Windows+Ctrl+D ufungue eneo jipya la kazi, uandikie huko. Mara nyingi dirisha linabaki kule ulikolianzisha.

Na sisi wa GNOME, mazingira mengine ya dawati ya Linux?

Fungua terminal (dirisha la amri), andika:

```
gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences focus-new-windows 'strict'
```

Kurudisha ilivyokuwa, weka 'smart' badala ya 'strict'.