Kuanza uigizaji wa tamthilia na filamu Dar es Salaam: kutoka usaili hadi malipo ya kwanza

Nafasi ya kwanza kwenye tamthilia unaweza kuipata kwa sura, kwa kujuana na mtu, au kwa sababu tu siku hiyo mwongozaji alikuwa anatafuta kijana mrefu mwembamba. Nafasi ya pili hutoka chumba cha uhariri. Mhariri akikuta mkono ulioshika glasi unabadilika kila sini (tukio moja la hadithi) inaporudiwa, au machozi yamekauka pale kamera iliposogea karibu, atakata anachoweza na utaonekana kwa sekunde chache tu. Mtayarishaji akitazama kazi iliyokamilika ataona mwigizaji hafifu, wala hatajua kilichotokea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jambo moja: kuigiza kwa namna inayoweza kuhaririwa.

Pa kujifunzia

Ukiwa na muda na ada, zipo TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) na Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama huna, tafuta kikundi cha maigizo chenye mazoezi ya kila wiki. Steven Kanumba na Vincent Kigosi walipitia Kaole Sanaa Group, kundi lililojulikana kwa michezo yake ITV, kabla ya filamu kuwapa jina. Kikundi kinakupa kitu ambacho kioo cha chumbani hakikupi: mtu wa kukujibu na mtu wa kukusahihisha. Unachotakiwa kukiacha hukohuko jukwaani ni sauti ya kufika kiti cha mwisho na uso unaoeleza kila kitu. Kamera iko mita moja kutoka kwako, na kipaza sauti kimebanwa kifuani.

Video ya usaili

Siku hizi usaili mwingi huanza na video unayojirekodi kwa simu. Unatumiwa kipande cha skripti, kurasa moja au mbili, na siku ya mwisho ya kutuma. Wengi huondolewa hapa kabla uigizaji wao haujapimwa, kwa sababu hawaonekani au hawasikiki.

Laza simu, yaani picha iwe pana. Iweke kwenye stendi au juu ya vitabu, lenzi ikiwa sawa na macho yako. Ukiiweka chini, kidevu na matundu ya pua ndivyo vitakavyoigiza. Futa lenzi kwa kitambaa safi, weka ubora wa 1080p, washa hali ya ndege ili simu isiite katikati. Kaa umbali ambao picha inaanzia kifuani na kuacha nafasi ndogo juu ya kichwa. Nyuma yako pawe na ukuta au shuka ya rangi moja isiyong'aa, na usogee mbele yake kama mita moja ili kivuli chako kisikae ukutani. Kanga au kitenge chenye maua nyuma yako kitavuta macho ya mtazamaji.

Mwanga bora ni wa dirishani, saa tatu hadi saa tano asubuhi, wewe ukiwa umelitazama dirisha. Dirisha likiwa nyuma yako utakuwa kivuli cheusi. Usichanganye mwanga huo na balbu ya njano, maana nusu ya uso itakuwa ya buluu na nusu ya chungwa. Kama ngozi yako ni nyeusi sana, simu hujaribu kung'arisha picha nzima na ukuta mweupe unaungua, yaani unakuwa mweupe mno. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka simu ijifunge kwenye mwanga wa uso, kisha tumia ukuta wa rangi iliyokolea kidogo.

Sauti huharibika zaidi kuliko picha. Zima feni na friji. Chumba kitupu kina mwangwi, kwa hiyo tandika godoro au blanketi nje ya picha, mbele yako na pembeni.

Tafuta mtu wa kukusomea maneno ya mhusika wa pili. Asimame ubavuni mwa simu, kichwa chake kikiwa karibu kabisa na lenzi, nawe umtazame yeye. Ukitazama lenzi unakuwa mtangazaji wa habari. Akikaa mbali sana, tunaona sikio lako. Asome kwa sauti ya chini kuliko yako, kwa sababu yuko karibu zaidi na kipaza sauti, wala asiigize kwa nguvu kukuzidi.

Anza kwa kujitambulisha: jina, urefu, mji unaokaa, na mhusika unayemwomba. Sekunde kumi zinatosha. Kisha fanya sini, na ikiisha ubaki ndani ya uhusika kwa sekunde mbili au tatu kabla ya kuzima. Tuma moja iliyo bora. Ukituma tano unamwachia mwongozaji kazi ya kuchagua, naye hana muda huo. WhatsApp hubana video, hivyo itume kama faili au weka kiungo cha Google Drive kilichofunguliwa kwa kila mwenye nacho. Jina la faili liwe na jina lako na la mhusika. Faili inayoitwa VID yenye tarakimu kumi hupotea kati ya mia.

Kujiandaa kwa sini zinazorukaruka

Ni nadra tamthilia kurekodiwa kwa mpangilio wa hadithi. Nyumba ikikodiwa siku tatu, sini zote za nyumba hiyo hurekodiwa siku hizo tatu, ya kwanza na ya sitini zikifuatana. Asubuhi unaomboleza mume, mchana unaposwa naye.

Chora jedwali kwenye daftari. Kila sini iwe na mstari wake: namba ya sini, ni siku ya ngapi ya hadithi, umetoka wapi, unajua nini mpaka hapo, unataka nini kwa aliye mbele yako, na mwili wako una nini (jeraha, mimba, uchovu, nywele zimesukwa au zimefumuliwa). Safu ya "unajua nini" ndiyo inayookoa zaidi. Mwigizaji mchanga huigiza sini ya kumi akiwa na huzuni ya siri ambayo mhusika ataigundua sini ya ishirini, na mtazamaji anaishia kuchanganyikiwa bila kujua kwa nini.

Kama nywele zako zimesukwa kwa ajili ya mhusika, usizifumue mpaka uandikiwe kwamba kazi yako imekwisha. Hata rangi ya kucha uiulizie.

Mbele ya kamera

Kwa kawaida sini hurekodiwa kwanza kwa picha pana inayoonyesha wote, kisha kamera husogea na kurudia sini ileile kwa picha ya karibu ya kila mmoja. Hapa ndipo vijana wengi wenye kipaji wanapopotea. Wanamwaga machozi yote kwenye picha pana, ambayo mhariri ataitumia kwa sekunde nne, na ikifika zamu ya uso wao hakuna kilichobaki. Muulize mwongozaji mapema, kwa adabu: "Picha yangu ya karibu inakuja lini?" Kwenye picha pana fanya sini kwa ukweli wake na mienendo yake yote, ila tunza sehemu ya hisia.

Mienendo uiweke mapema na uifunge kwenye neno. Chukua mfano wa sini ya chai. Unasema, "Baba amepiga simu." Kikombe unakiinua kwenye "Baba", unakunywa baada ya "simu", unakirudisha mezani mwenzako akianza kujibu, kwa mkono wa kulia, mpini ukitazama dirishani. Sini hiyo itarudiwa labda mara sita, na kila mara iwe hivyohivyo. Mhariri anapohama kutoka picha pana kwenda ya karibu, hukata katikati ya mwendo; kikombe kikiwa mezani upande mmoja na mdomoni upande wa pili, picha yako nzuri inatupwa. Ukiwa mgeni, punguza vitu unavyoshika. Chakula ni kigumu kuliko vyote: kula tonge dogo, kwenye maneno yaleyale, kwa sababu mara ya sita utakuwa umeshiba na bado unaambiwa ule.

Sehemu ya kusimama huwekewa alama ya tepu sakafuni. Usiitafute kwa macho. Kabla ya kurekodi, simama juu yake, kisha rudi nyuma ukihesabu hatua mpaka ulipoanzia. Ukihesabu hatua hizohizo kwenda mbele utafika. Ukipitiliza kwa nusu hatua utatoka kwenye mwanga, na kwenye picha ya karibu utakuwa na ukungu.

Kwenye picha ya karibu usiingilie maneno ya mwenzako aliye nje ya picha, hata kama mnagombana. Sauti zikilaliana, mhariri hawezi kuzitenganisha. Acha upenyo mdogo, mhariri ndiye atakayeubana ugomvi. Na zamu ya mwenzako ikifika, kaa hapo umpe sini kamili kama alivyokupa. Anayekimbilia simu wakati mwenzake anarekodiwa hukumbukwa na watu wote lokesheni.

Usiache kuigiza mpaka usikie "kata", hata ukikosea neno.

Skripti isipokuwa na maneno

Filamu nyingi za Bongo zimetengenezwa kwa muhtasari tu: mwongozaji anaeleza kinachotokea, waigizaji wanatunga maneno papo hapo. Hili lina uzuri wake, Kiswahili hutoka kikiwa hai. Tatizo ni kurudia. Maneno ya mara ya kwanza hayafanani na ya mara ya tatu, na uhariri unakuwa mateso. Kubalianeni na mwenzako, kabla ya kamera kuwaka, nguzo tatu: neno la kuanzia sini, habari ambayo lazima itajwe (tarehe ya harusi, kiasi cha deni, jina la mtoto), na sentensi ya mwisho inayomfanya mwenzako aondoke au anyamaze. Kati ya nguzo hizo chezeni mtakavyo. Epukeni kuulizana maswali mfululizo, "Unasemaje? Unasemaje wewe?", huko ndiko sini za kutunga hukwama.

Mkataba, fedha na usalama

Usilipe fedha ili ufanyiwe usaili. Utayarishaji wa filamu Tanzania Bara unahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Zanzibar ni BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Mtayarishaji wa kweli hachukii kuulizwa kibali.

Soma mkataba kabla ya siku ya kwanza lokesheni na ubaki na nakala iliyosainiwa na pande zote. Angalia idadi ya siku au vipindi, kiasi na tarehe ya malipo, nauli na chakula, nini kinatokea siku zikizidi, jina lako litaandikwaje, na kama sura yako inaweza kutumika kwenye matangazo ya biashara. Angalia sana kifungu kinachokuzuia kuonekana kituo kingine: kinakubana kwa muda gani, na je, muda huo unalipwa? Maneno "utalipwa kazi ikiuzwa" yakatae kwa upole na uombe tarehe ya kalenda. Kazi inaweza isiuzwe, au ikauzwa usijue. Kwa mgeni, nusu wakati wa kusaini na nusu siku ya mwisho ya kurekodi ni ombi la haki kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki juu ya uigizaji wake, kwa hiyo kifungu cha kuziachia haki hizo kisomwe na mtu anayeelewa.

Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Mzazi au mlezi asaini na awepo lokesheni, na ratiba izingatie shule.

Usaili ufanyike mchana, ofisini au ukumbini, na umwambie mtu wa nyumbani uendako. Ukiitwa gesti au hotelini usiku, usiende. Anayetaka ngono ili akupe nafasi anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hifadhi ujumbe na sauti alizotuma, piga TAKUKURU 113, simu haina malipo. Hakuna nafasi inayostahili kubembelezwa kwa njia hiyo, na kosa si lako hata kidogo.

Baada ya kazi ya kwanza

Kipindi kikisharushwa, omba kwa mtayarishaji vipande vyako viwili au vitatu na ruhusa ya kuvitumia. Unganisha video ya dakika moja hadi moja na nusu, ikianza na picha ya karibu ambapo wewe ndiye unayezungumza, bila muziki juu ya maneno. Sini ya mhusika mwingine, hata akiwa staa, ikate inapofika zamu yake.