Kokteli za kizamani nyumbani: anza na barafu, chupa baadaye

Mtu akiniambia anataka kuanza kuchanganya kokteli nyumbani, karibu kila mara swali lake la kwanza ni anunue chupa gani. Mimi humuuliza barafu yake ikoje. Hunitazama kama nimemkwepa.

Nimesimama nyuma ya kaunta miaka ya kutosha kujua kwamba kokteli nyingi za nyumbani haziharibiwi na pombe ya bei rahisi. Zinaharibiwa na maji: yamepungua, au yamezidi, au yamepenya bila mchanganyaji kujua. Wazee wa kazi hii waliliona hilo mapema. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyeuliza kokteli ni kitu gani: ni kilevi cha aina yoyote, sukari, maji na bita (matone machungu ya mitishamba). Viungo vinne, na maji yametajwa waziwazi. Siku hizi maelekezo hayayataji kwa sababu yanatoka kwenye barafu, na kisichoandikwa husahaulika.

Hatua ya 1: Vyombo

Unahitaji kitu cha kupimia, cha kutikisia, cha kukorogea, na chujio. Kijiko cha chakula cha kupimia ni mililita 15, cha chai ni 5; vinatosha kuanzia. Chupa ya kioo kinene yenye kifuniko kisichovuja inatikisa vizuri tu. Kukoroga, chukua jagi na kijiko chenye mpini mrefu.

Pima kila kitu. Umewaona wahudumu wa baa wakimimina kwa jicho, najua, lakini mkono wao umeshamimina mara elfu kadhaa na wako bado.

Glasi ziwe ndogo, za mililita 150 hivi. Kokteli za zamani zilinywewa zikiwa bado baridi, kwa mafunda machache. Ukiwa na glasi kama ndoo utashawishika kuijaza, na hizi si juisi: Martini moja ina takriban mililita 25 za kileo kitupu. Ukipanga kunywa mbili, funguo za gari zikae mbali.

Hatua ya 2: Barafu na shira

Barafu itoke kwenye friza muda ule ule wa kuitumia. Iliyokaa kwenye bakuli mezani huwa imevaa koti la maji, na maji hayo huingia kwenye kinywaji kabla hujakoroga hata mara moja. Vipande vikubwa ni bora kuliko vidogo, na vya jana ni bora kuliko vya mwezi uliopita. Barafu hunyonya harufu ya kila jirani yake ndani ya friza. Kama kuna samaki humo, utamkuta kwenye jini yako. (Jini huyu ni wa kunywewa. Yule wa kupanda kichwani ni mwingine, ingawa ukikosea vipimo wanakaribiana.)

Shira ni rahisi: sukari gramu 200, maji ya moto mililita 200, koroga mpaka chembe zote ziyeyuke. Huna haja ya kuchemsha, maana ukichemsha maji yanaruka kama mvuke na kipimo kinabadilika. Weka kwenye friji na itumie ndani ya wiki tatu.

Hatua ya 3: Old Fashioned, ili mkono ujue kukoroga

Tunaanza na hii kwa sababu ni ile ile ya 1806 iliyopewa jina jipya. Ndani ya glasi fupi weka kijiko kimoja cha chai cha shira, kisha tikisa chupa ya bita mara mbili tatu juu yake. Bita inayojulikana zaidi, Angostura, ilianza kama dawa: daktari Mjerumani, Johann Siegert, aliitengeneza mwaka 1824 katika mji wa Venezuela uliokuwa na jina hilo, ambao leo ni Ciudad Bolívar. Ongeza mililita 60 za wiski ya Marekani, bourbon (ya mahindi hasa) au rye (ya nafaka ya rai). Tia barafu kubwa, koroga.

Sasa onja baada ya mizunguko kumi. Itakuchoma. Koroga kumi mingine, onja tena. Endelea hivyo. Kuna mahali ambapo ule ukali unakaa chini na unaanza kusikia ladha ya mbao na vanila iliyokuwa imejificha nyuma yake. Hapo ndipo. Ukipitiliza, kinywaji kinalegea na kuwa kama maji ya kusuuzia glasi. Fanya zoezi hili mara moja tu kwa makini, na ulimi wako utajua kitu ambacho hakuna maelekezo yanayoweza kukuandikia.

Maliza na ganda la chungwa. Likate kwa kisu, upana wa vidole viwili, bila ile nyama nyeupe chungu. Lishike juu ya glasi, upande wa rangi ukiangalia chini, likunje kwa nguvu. Ukiwa karibu na taa utaona ukungu mwembamba ukiruka. Hayo ni mafuta, na harufu yake ndiyo itakayotangulia kufika puani kabla ya wiski. Lipitishe kwenye ukingo wa glasi, litumbukize.

Hatua ya 4: Daiquiri, ili ujue kutikisa

Wapo wanaodhani Daiquiri ni ule uji wa rangi ya waridi unaosagwa kwenye blenda. Ya asili ni ramu nyeupe, ndimu na sukari, basi. Jina ni la kijiji karibu na Santiago de Cuba, na mara nyingi husimuliwa kuwa aliyeianzisha ni Jennings Cox, mhandisi Mmarekani wa migodi, mwishoni mwa karne ya 19.

Ramu nyeupe mililita 60, maji ya ndimu yaliyokamuliwa sasa hivi 25, shira 20. Jumla ni 105. Kumbuka namba hiyo. Jaza barafu kwenye chombo, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15, mpaka vidole vianze kuuma kwa baridi. Si kutikisa kwa kubembeleza mtoto. Barafu inatakiwa isafiri kutoka ncha moja hadi nyingine na uisikie ikigonga. Chuja kwenye glasi uliyoigandisha.

Kabla ya kunywa, mara hii ya kwanza, mimina kwenye kipimo. Utakuta mililita 150 hivi. Zile zaidi ya 40 zilizoongezeka ni maji, na hakuna aliyekuandikia uyatie. Ndiyo maana kuiweka chupa ya ramu kwenye friji na kuiruka barafu hakukupi Daiquiri. Kunakupa ramu baridi yenye ndimu. Barafu hupoza kwa kuyeyuka. Ubaridi na kuzimua ni kazi moja, huwezi kuchukua nusu yake.

Onja. Ikikung'ata pembeni mwa ulimi, ongeza kijiko cha chai cha shira safari ijayo. Ikiwa tamu na bubu, ongeza ndimu. Ndimu hazilingani uchachu, hata zilizotoka mfuko mmoja, kwa hiyo kipimo cha kitabuni ni pa kuanzia tu. Ukishaipata, umepata familia nzima: weka wiski na limau badala yake, ni Whiskey Sour, weka tekila, na likeri (pombe tamu) ya machungwa ichukue nafasi ya sehemu kubwa ya shira, ni Margarita. Ukitaka povu la ute wa yai kwenye Whiskey Sour, tikisa kwanza bila barafu, kisha na barafu.

Hatua ya 5: Negroni na Martini

Kanuni ya kaunta ni fupi: penye juisi, maziwa au yai, tikisa; penye pombe tupu, koroga. Kutikisa huingiza hewa na vipande vidogo vya barafu, na Martini iliyotikiswa hutoka na ukungu. Wapo wanaoipenda hivyo. Mimi siipendi.

Negroni ndiyo ya kumpa mgeni ukiwa umechoka: jini 30, Campari (kilevi chekundu kichungu cha Italia) 30, vemuthi nyekundu tamu 30, korogea kwenye glasi yenye barafu, ganda la chungwa. Inasimuliwa ilizaliwa Florence, Italia, mwaka 1919, kwa ajili ya Camillo Negroni. Martini ni jini 60 na vemuthi nyeupe kavu 10 hadi 15, ikorogwe kwenye jagi lenye barafu nyingi kwa sekunde 30, ichujwe.

Lakini vemuthi ni mvinyo uliotiwa mitishamba, nao huharibika ukishafunguliwa, na hapa niliaibika. Chupa yangu ya kwanza ya nyumbani ilikaa kabatini mwaka mzima, imefunguliwa, karibu na jiko. Kila Negroni ilikuwa na ladha ya boksi lililolowa. Nikalaumu jini, nikabadilisha aina mbili. Siku nilipoonja vemuthi peke yake nikacheka. Ikifunguliwa inakaa kwenye friji, na baada ya mwezi mmoja au miwili inahamia kwenye sufuria.

Hatua ya 6: Zile za miaka ya 1970

Hizi ndizo watu huzicheka, na ninazitetea. Tatizo lake kubwa ni lile lile la maji, ila sasa yanajiita juisi. Tekila kidogo ikizama kwenye glasi ndefu ya juisi ya pakiti, ongeza barafu inayoyeyuka, unabaki na sukari iliyochoka.

Chukua Tequila Sunrise. Ile tunayoijua ilitoka Sausalito, California, mwanzoni mwa miaka ya 1970: tekila, juisi ya machungwa, grenadini. Ile ya kabla yake, ya hoteli ya Arizona Biltmore, ilikuwa na ndimu. Irudishe. Tekila 45, juisi ya machungwa uliyokamua mwenyewe 75, ndimu 15, vyote kwenye glasi yenye barafu. Kisha miminia grenadini 10 taratibu ukingoni. Ni nzito, itashuka yenyewe hadi chini na kupanda tena kwa rangi. Usikoroge. Na grenadini inatakiwa iwe shira ya komamanga: juisi ya komamanga na sukari, kipimo kwa kipimo.

Piña Colada, iliyotangazwa kinywaji cha taifa cha Puerto Rico mwaka 1978, ina dawa ile ile. Ramu 50, juisi ya nanasi 50, krimu ya nazi yenye sukari 30, halafu ndimu 10 ambazo wengi hawazitii. Tikisa badala ya kusaga. Blenda huvunja barafu yote, na nusu ya pili ya glasi huwa maji ya nanasi.

Harvey Wallbanger ni vodka 45, juisi ya machungwa 90, Galliano (likeri ya Italia yenye vanila) 15 ikielea juu. Nimeshaijaribu kwa njia zote, na bado naona mtu wa maana hapo ni Galliano.

Wageni wakiwa wengi

Changanya mapema Martini ya chupa nzima: jini mililita 500, vemuthi kavu 100, na maji safi ya kunywa 120. Ndiyo, unayamimina mwenyewe kwa mkono, kwa sababu hakutakuwa na barafu ya kuyaleta. Funga, weka kwenye friza saa mbili au tatu. Usiisahau humo usiku kucha, maana kwa maji hayo inaweza kushika chenga za barafu. Ikitoka, mimina moja kwa moja kwenye glasi za baridi, kunja ganda la limau juu ya kila moja.