Kuchoma dhahabu bila kuvuta zebaki: retoti, kifaa cha kunasa mvuke wa zebaki, na namna ya kuitumia

Donge la zebaki na dhahabu, ambalo mchimbaji mdogo hulipata anaponasa dhahabu kwa zebaki, hata likikamuliwa vizuri kwa kitambaa, karibu nusu yake huwa bado ni zebaki. Ukiweka donge la gramu 10 juu ya jiko la mkaa, gramu 5 hivi za zebaki zinapanda hewani kama mvuke. Shirika la Afya Duniani linataka hewa tunayovuta mwaka mzima isizidi mikrogramu 1 ya zebaki kwa kila mita ya ujazo. Gramu 5 ni mikrogramu milioni 5, na chumba cha futi kumi kwa kumi hakifiki hata mita za ujazo 25. Sasa piga picha mtu anachomea humo jikoni, ugali uko motoni na mtoto kalala mgongoni kwa mama yake.

Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Ukiuvuta, asilimia 80 hivi hubaki mwilini. Zebaki iliyomezwa kwa bahati mbaya karibu yote hupita tumboni ikatoka, na ndiyo maana mchimbaji anayeishika kwa mikono miaka mingi humcheka anayemwonya. Madhara makubwa hayapitii mkononi. Kule Rwamagasa, Geita, watu wa mwaloni, yaani pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa kutafuta dhahabu, walipopimwa afya miaka ya 2000, wachomaji ndio walioonekana kuumia zaidi.

Retoti ni kikombe cha chuma chenye kifuniko cha kukaza kwa nyuzi kama za skrubu, bomba la chuma la nusu inchi linalotoka kifunikoni, na chombo cha maji kinachopokea zebaki mvuke ukishapoa bombani. Fundi wa kuchomelea yeyote mwenye viungo vya mabomba anaweza kuiunda. Mwambie mambo matatu. Asitumie bomba lililopakwa zinki, kwa sababu zinki ikipata moto hutoa moshi unaoleta homa. Asiweke shaba wala alumini popote, maana zebaki huzila. Na bomba, lenye urefu wa nusu mita hivi, literemke moja kwa moja bila kuwa na mahali linapoinuka tena, la sivyo zebaki itatuama humo na utadhani imepotea.

Kamua donge ndani ya maji, ukiwa na glavu za mpira, mpaka lisitoe tone. Kila gramu unayoikamua hapa ni gramu usiyoichoma. Paka chaki ndani ya kikombe, au funga donge kwa karatasi nyembamba, ili dhahabu isigande kwenye chuma. Usijaze zaidi ya nusu ya kikombe, kwa sababu donge likichemka hurukaruka, na vipande vikiingia kwenye bomba dhahabu imeenda navyo. Kaza kifuniko, kisha ziba nyuzi kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa laini.

Bomba lizungushie kitambaa na ukilowanishe mara kwa mara. Mdomo wa bomba uachwe juu ya maji kwa upana wa kidole kimoja, ufunikwe na kitambaa kilicholowa ambacho ncha yake inaning'inia ndani ya maji. Wengi huzamisha mdomo wenyewe wakidhani ni salama zaidi. Moto ukipungua, hewa iliyomo kikombeni husinyaa na kuyavuta maji mpaka kwenye chuma chenye moto. Yakigeuka mvuke kwa mkupuo, kifuniko kinaweza kuruka.

Weka moto mahali pa wazi, mbali na nyumba na kisima, upepo ukiwa mgongoni kwako. Anza na moto mdogo kwa dakika 5 hadi 10 ili unyevu utoke, halafu vuvia. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, kwa hiyo mkaa wenye kipulizo unatosha kabisa. Matone yataanza kudondoka; donge dogo humalizika kwa dakika 20 mpaka 40. Yakikatika, gongagonga bomba na uendelee na moto dakika 10 nyingine. Kisha ondoa moto, uache kifaa kipoe chenyewe, usikimwagie maji. Usifungue mpaka uweze kukishika kwa mkono mtupu. Ukifungua kikiwa moto, mvuke uliobaki unakupiga usoni, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiuzuii.

Ili ujue kama retoti inavuja, tumia mizani. Pima donge kabla, pima dhahabu na zebaki baadaye. Donge la gramu 10 likitoa dhahabu gramu 5.2 na zebaki 4.6, gramu 0.2 hazipo. Mara ya kwanza zitakuwa zimeganda kwenye bomba. Upungufu ukijirudia kila safari, ujue nyuzi hazijazibwa.

Malalamiko makubwa ya wachimbaji ni kwamba dhahabu ya retoti hutoka ya kahawia na mnunuzi anashusha bei. Hiyo ni rangi ya juu tu, inatokana na kikombe cha chuma cha kawaida. Kikombe cha chuma kisichoshika kutu hupunguza tatizo, na ukiiyeyusha dhahabu kwa boraksi, unga wa kuisafishia, rangi yake hurudi. Kumbuka pia kwamba dhahabu hiyo bado ina zebaki kiasi cha asilimia 2 hadi 5. Inapoyeyushwa dukani inatoka tena, kwa hiyo duka la mnunuzi si mahali pa kusubiria na mtoto.

Zebaki iliyochoka, ile inayogawanyika vipande vidogo na kukataa kushika dhahabu, isimwagwe. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye lita moja ya maji na gramu 100 za chumvi. Waya wa hasi wa betri ya volti 12 uguse zebaki, wa chanya ushike kijiti cheusi cha kaboni kilichotolewa kwenye betri ya tochi, kikiwa ndani ya maji bila kugusa zebaki. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Fanyia nje, kwani kunatoka klorini, na uitumie zebaki hiyo mara moja.

Retoti haiokoi zebaki iliyomwagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Humo husagwa ikawa unga na kuondoka na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu. Changanya zebaki na ule mchanga mzito ulionaswa kwenye magunia ya mwaloni tu, wala usipeleke marudio yenye zebaki kwenye sainaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, maana sainaidi huiyeyusha na kuisafirisha mbali. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka mambo haya yakomeshwe pamoja na kuchomea hewani na kwenye makazi. Minamata ni mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda cha Chisso iliingia baharini na kukusanyika katika samaki. Ugonjwa uliotokana nayo uligunduliwa rasmi 1956, na watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika. Mjamzito anayeishi karibu na mialo achague dagaa na sato, apunguze samaki wakubwa wanaokula wenzao.

Kikohozi, kifua kubana na homa saa chache baada ya kuchoma ni vya kukimbilia hospitali, na mgonjwa aseme wazi kwamba amevuta zebaki, la sivyo atatibiwa malaria. Kunywa maziwa hakuitoi mwilini. Mwandiko unaotetemeka, fizi kuvimba, ladha ya chuma mdomoni, usingizi kukatika na hasira zisizo na sababu hutokana na kuvuta kidogo kidogo kwa muda mrefu. Zebaki iliyovutwa kama mvuke hupimwa kwenye mkojo. Nywele huonyesha zebaki ya samaki. Acha kuchoma ukisubiri majibu. Kiasi kilichomo mwilini hupungua kwa nusu kila miezi miwili hivi, kwa hiyo rudia kipimo baada ya muda huo.