Somo: Kumnasa bakteria mdoezi wa chuma

Nchi kavu chuma kimejaa, lakini baharini ni adimu. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8 na oksijeni tele, hivyo chuma hugeuka kutu na kuzama. Kwenye maji ya juu ya bahari kuu, chuma kilichoyeyuka mara nyingi hakifiki nanomoli 1 kwa lita. Bakteria wengi hutoa siderofori, molekuli ndogo zinazotoka nje ya seli, kunasa chuma na kurudi nacho. Kuzitengeneza ni gharama, na ndiyo maana wapo wadoezi, bakteria wanaotumia siderofori za wenzao: jikoni hawaingii, ila chakula kikiiva wapo mezani.

Njia ninayoieleza inafuata kazi iliyofanywa kwenye mchanga wa ufukwe wa Nahant, Massachusetts, na kuchapishwa mwaka 2010. Huko bakteria Maribacter polysiphoniae aligoma kuota peke yake, akaota alipowekwa karibu na bakteria mwingine, Micrococcus luteus.

Hatua ya 1. Chota mchanga wa sehemu inayofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa. Tikisa kwenye maji ya bahari yaliyopita otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke), zimua, kisha sambaza juu ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye lishe hafifu. Aina iitwayo R2A, iliyotengenezwa kwa maji ya bahari, inafaa. Andaa sahani zenye makoloni yaliyosongamana na nyingine zenye machache. Wadoezi utawapata kwenye zile zilizosongamana.

Hatua ya 2. Chagua vikoloni vidogo vilivyoota vikigusana na makoloni makubwa, pamoja na makubwa hayo ya jirani, uhamishe kila kimoja kwenye sahani yake. Asiyeota akiwa peke yake ndiye mshukiwa. Sasa msambaze sahani nzima, na katikati dondosha tone la jirani yake. Ukifanikiwa utaona duara: makoloni yaliyonenepa kulizunguka tone, yanayodogoka kadiri yanavyokwenda mbali, na ukingoni patupu.

Hatua ya 3. Wengi hufika kwenye duara wakashangilia, na hapo ndipo wanapokosea. Duara linasema tu kwamba jirani anatoa kitu. Huenda ni vitamini, huenda ni asidi amino, au anaondoa sumu. Kwa hiyo otesha jirani kwenye maji yenye chuma kidogo, pitisha maji hayo kwenye chujio la mikrometa 0.22, kisha pima kwa rangi ya CAS iliyoelezwa na Schwyn na Neilands mwaka 1987. Rangi hiyo ni ya buluu ikiwa imeshika chuma; siderofori ikikinyakua, inageuka chungwa. Pimia maji yaliyochujwa, usimwoteshe mdoezi kwenye agari ya CAS, kwa sababu ina sabuni inayoua bakteria wengi. Vyombo vya kioo visuuzwe kwa asidi kwanza, la sivyo utapima chuma cha chupa.

Hatua ya 4. Mwondoe jirani, weka chuma chenyewe kinachoyeyuka. Mshukiwa akiota, umemnasa. Kisha geuza: mpe jirani asiyeweza kutengeneza siderofori. Katika kazi ya Nahant, E. coli wa kawaida alisaidia, lakini wale walioharibiwa jeni za enterobaktini, siderofori yao, hawakusaidia kitu.

Mwenye jenomu (orodha ya jeni zote) ya mshukiwa atazame pia: vipokezi vya siderofori kwenye utando wa nje vipo, jeni za kuitengeneza hazipo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa biolojia, Tanga: Kwa nini mtengenezaji asijilinde?
Hujilinda. Siderofori hupita kwenye kipokezi kinachoitambua, kwa hiyo kubadili umbo lake ni kama kubadili kufuli. Ila wezi nao hukusanya funguo. Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ana siderofori yake mwenyewe, vibriobaktini, na bado hupokea ferikromu, siderofori ya kuvu. Wengine, kama Marinobacter, huipa siderofori mkia wa mafuta ili ing'ang'anie utando isisombwe na maji.

Muuguzi, Mwanza: Hii inahusiana na deferoksamini, dawa ya kuondoa chuma, tunayowapa wagonjwa wa selimundu?
Ndiyo. Deferoksamini ni siderofori ya bakteria wa udongo, Streptomyces pilosus. Inamtoa chuma mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi, lakini Yersinia enterocolitica, bakteria anayeambukiza utumbo, huipokea kama chakula ingawa yeye hakuitengeneza. Mgonjwa akipata homa na maumivu ya tumbo, dawa husimamishwa hadi achunguzwe.

Mwanafunzi, Zanzibar: Hatua ya 4, naweza kuweka msumari wenye kutu?
Hapana, kutu ndicho chuma kile kile kilichomshinda. Vidonge vya duka la dawa navyo viache, vina rangi na vijazio. Tumia salfeti ya chuma(II) ya maabara, iyeyushe kwenye maji yenye asidi kidogo na uitie siku hiyo hiyo. Kwenye maji ya bahari ya joto inaharibika ndani ya dakika chache, kwa hiyo dondosha juu ya agari ukiwa umeshamsambaza bakteria.