Sindano za tumboni baada ya kuvunjika mguu: namna ya kujichoma na kujiuguza nyumbani

Umevunjika mguu kwa bodaboda au umeteleza bafuni. Hospitali imemaliza kazi yake, na sasa umekabidhiwa magongo, tarehe ya kliniki na mfuko wa dawa. Kama ulifanyiwa upasuaji wa nyonga, paja au goti, au daktari ameona utakaa muda mrefu bila kuukanyagia, huenda ndani ya mfuko kuna boksi la sindano ndogo zilizokwisha kujazwa dawa. Hiyo ni enoksaparini, wengi wanaijua kwa jina la Clexane. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, na sehemu ya kazi yangu ni kumfundisha mgonjwa kujichoma kabla hajaruhusiwa. Kila mtu anaogopa sindano. Nikuambie mapema: sindano ndiyo rahisi. Shughuli ni wageni watakaokuja kukupa pole na chupa ya mafuta ya kukandia.

Kwanza ujue inafanya nini

Unapotembea, misuli ya shavu la mguu huminya mishipa na kuisukuma damu irudi juu moyoni. Mguu ukishafungwa hogo, yaani plasta ngumu, au ukilala nao juu ya mto mchana kutwa, msukumo huo unapungua, na jeraha lenyewe huifanya damu igande kwa urahisi. Bonge likijitengeneza mguuni kisha likakatika, linasafiri mpaka kwenye mapafu, na mtu anaweza kufariki ghafla ilhali mfupa wake unaunga vizuri kabisa. Dawa hii inazuia bonge lisijengeke. Haitulizi maumivu, kwa hiyo usichome siku mguu unapouma na kuruka siku unapojisikia nafuu.

Kabla ya kuondoka hospitali, mweleze daktari kama una tatizo la figo, vidonda vya tumbo, au uliwahi kutokwa na damu isiyokatika. Mtu mwenye figo dhaifu huandikiwa kipimo kidogo zaidi. Jambo jingine ambalo Waislamu wengi hulijua wakiwa wamefika nusu ya boksi: dawa hii hutengenezwa kutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Wapo wanaoitumia kwa hoja ya dharura, wapo ambao roho zao hazitulii. Ipo fondaparinuksi, ambayo hutengenezwa maabara bila mnyama yeyote, na wapo wagonjwa wanaofaa kupewa vidonge badala ya sindano. Uliza mapema, maana kubadilisha dawa ukiwa wodini ni rahisi kuliko ukiwa nyumbani saa tatu usiku.

Chagua saa moja na mahali pamoja

Dozi ya kinga ninayoiona mara nyingi ni miligramu 40 mara moja kwa siku, lakini wewe fuata karatasi yako. Mimi hupendelea saa mbili usiku: watu wamerudi nyumbani, taa inawaka, na umeshakula. Weka kengele kwenye simu.

Boksi lisikae dirishani, juu ya friji wala karibu na jiko. Maboksi mengi yameandikwa dawa isizidi nyuzi 25, na Dar mwezi wa Januari hilo ni mtihani. Liweke kwenye kona ya nyumba iliyo baridi zaidi. Nyumba ya bati yenye joto kali, tumia ujanja wa wagonjwa wa kisukari wanaotunza insulini: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa, dawa ndani ya kile kidogo ikiwa imefunikwa isipate maji. Isiwekwe kwenye friza. Ikiganda haifai tena.

Kujichoma

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa umeegemea mito, au lala chali kichwa kikiwa juu kidogo, ili tumbo lilegee. Kusimama kwa gongo moja huku unajichoma sikushauri.

2. Chagua sehemu upande wa kulia au wa kushoto wa tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, yaani karibu upana wa vidole vitatu. Epuka kovu na palipovilia. Jana kulia, leo kushoto.

3. Safisha kwa pamba ya spiriti, halafu subiri pakauke. Wengi hawasubiri, na mwasho wanaousikia ni wa spiriti wala si wa sindano.

4. Vua kifuniko kwa kukivuta moja kwa moja bila kukizungusha. Ndani ya bomba utaona kipovu cha hewa. Kama unatumia bomba zima, kiache. Kimewekwa makusudi: ukielekeza sindano chini, hewa hupanda upande wa kisukumio na kumalizia dawa yote iliyobaki. Ukikitoa, utamwaga na dawa. Hakitakuua, hii ni sindano ya chini ya ngozi, haiingii kwenye mshipa. Kama kipimo chako ni pungufu ya bomba, muuguzi akuonyeshe namna ya kupunguza kabla hujaondoka.

5. Ukiona tone linaning'inia kwenye ncha, ligonge lidondoke. Tone hilo likipita kwenye ngozi linaacha alama ya damu.

6. Shika mkunjo wa ngozi na mafuta yake kwa kidole gumba na cha shahada. Ingiza sindano wima, yote mpaka mwisho. Ni fupi, haifiki sentimita moja na nusu. Ukiingiza taratibu kwa woga ndiyo inauma. Ingiza kwa mkono mmoja usiosita.

7. Sukuma dawa polepole huku mkunjo bado umeushika. Usivute kisukumio nyuma kuangalia damu kama ulivyowahi kuona kwenye sindano za msuli.

8. Toa wima, achia ngozi, gandamiza kwa pamba kavu. USISUGUE. Hata kidogo.

Alama ya zambarau hapo ulipochoma ni kawaida, na baada ya wiki mbili tumbo linaweza kuwa na madoa kama ngozi ya chui. Kinachonitia wasiwasi ni uvimbe unaozidi kukua, damu puani au kwenye fizi isiyokatika, mkojo mwekundu, au choo cheusi kama lami. Hapo unakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukisahau, choma mara utakapokumbuka. Kama saa ya dozi nyingine imekaribia, ruka ile uliyosahau uendelee na ratiba. Mbili kwa pamoja, kamwe.

Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko. Itumbukize kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, dumu tupu la mafuta ya kula la lita tatu linatosha, uliandike TAKA NCHA KALI, na siku ya kliniki ulirudishe. Usitupe kwenye jalala. Kuna watoto na kuna waokota chupa.

Mguu wenyewe

Uinue juu ya mito mpaka kisigino kiwe juu kuliko moyo, hasa wiki ya kwanza. Chezesha vidole kila unapokumbuka. Hogo la chokaa linahitaji siku mbili hadi tatu kukauka kabisa, kwa hiyo usilifunike blanketi wala kulikanyagia. Likiwasha ndani, usichokonoe kwa mti wa mshikaki. Nimeona vidonda vilivyoanza hivyohivyo.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowashinda wengi. Chukua kiti imara cha plastiki, fundi akate tundu la duara kwenye sehemu ya kukalia na kulainisha kingo, ukiweke juu ya tundu la choo. Jaribu uimara wake kwanza mtu mzima mwingine akiwa amekalia. Pembeni weka kigoda cha kuegeshea mguu. Wakati wa kuoga, mguu ubaki nje ya maji, umefungwa nailoni nene ya kufungashia vitu dukani. Mifuko ile laini tuliyoizoea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hata hivyo ilikuwa inavuja.

Magongo: kati ya kwapa na gongo vipite vidole viwili au vitatu, kiwiko kikunjike kidogo, uzito uwe mikononi. Ukining'inia kwa makwapa unabana neva na mkono utaanza kufa ganzi. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na kushuka huanza magongo na mguu mbovu. Angalia mipira ya chini. Ikilika, sakafu yenye maji itakuangusha upya.

Sasa wageni

Shangazi atataka kuukanda mguu kwa maji ya moto. Mwambie kwa adabu: "Shangazi, daktari amekataza, lakini nakushukuru." Kukanda mguu uliovunjika kunaweza kusogeza mfupa, na kama kuna bonge la damu kunaweza kulikata. Hapo sina maelewano na mtu.

Jirani ataleta diklofenaki, au atampigia simu "daktari" wa mtaani aje akuchome ya makalio. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini pamoja na enoksaparini huongeza hatari ya kutokwa damu, na sindano ya msuli inaweza kukujazia damu ndani ya nyama. Parasetamoli kwa kipimo, au ulichoandikiwa. Dawa za miti shamba na vitunguu saumu vinavyomezwa kwa ajili ya "kusafisha damu", weka kando mpaka umalize boksi.

Supu ya makongoro, kunywa. Mchicha, matembele na kisamvu, kula. Katazo la mboga za majani unalosikia ni la wanaotumia warfarini, na hiyo ni dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda.

Usisubiri asubuhi

Maumivu ndani ya hogo yanayozidi licha ya dawa, yanayokuwa makali zaidi mtu akikunyoosha vidole, pamoja na ganzi au vidole baridi na vilivyopauka: misuli inabanwa, na ikipita saa sita hadi nane inaweza kuharibika moja kwa moja. Usiuinue mguu zaidi, uweke usawa wa moyo, tafuta gari. Shavu la mguu kuvimba ghafla, kupata moto na kuuma, nako ni safari ya hospitali. Pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, au kukohoa damu: ondoka sasa hivi, usipitie duka la dawa.

Sindano zikibaki kwa sababu daktari amekusimamisha mapema, zirudishe famasi ya hospitali. Usimgawie jirani aliyevunjika mkono. Kipimo chako kiliandikwa kwa kuangalia figo zako na upasuaji wako, na mara nyingi yeye hata hahitaji.