Kutoka Manyoya ya Kondoo Hadi Uzi: Namna ya Kuosha na Kusokota Sufu Nyumbani

Kondoo wengi wanaoonekana wakilishwa kando ya barabara za Nairobi, yaani wale wekundu wa Kimaasai na wale wa aina ya Dorper, wana nywele tu, na nywele hizo hazitoi uzi wa maana. Sufu hutoka kwa kondoo wa nyanda za baridi kama vile Molo, Nyandarua na Laikipia, hasa Corriedale na Merino. Kwa anayeanza napendekeza Corriedale, kwa sababu nyuzi zake zina urefu wa kati ya sentimita 9 na 15 na zinashikika vizuri kwa vidole, ilhali Merino ni nyororo mno, ni fupi, na imejaa mafuta. Kabla ya kulipa, chomoa kishungi kimoja, kishike ncha zote mbili, kisha ukivute kwa ghafla karibu na sikio. Kikilia kama uzi wa gitaa, sufu ni nzima. Kikikatika katikati, huenda kondoo aliugua au alikosa malisho, na uzi wake utakukatikia mkononi kila mara.

Ukinunua kilo moja, usishangae kubaki na nusu yake tu baada ya kuosha. Kinachopotea ni vumbi, jasho la kondoo na mafuta, na ni mafuta hayo yanayowashinda watu. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 40 hivi, kwa hiyo maji ya uvuguvugu hayayaondoi, bali huyaacha yakinata. Maji yawe na nyuzi 60, kiasi kwamba mkono hauwezi kukaa ndani yake. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lakini usitie magadi wala dawa ya kung'arisha nguo, kwa kuwa vyote viwili hula sufu.

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika kuliko mahali pengine popote. Kila unyuzi wa sufu umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa, na magamba hayo yakipata joto, sabuni na msuguano kwa pamoja, hushikana yasiachane tena. Mimi niliiweka sufu yangu ya kwanza chini ya bomba lililofunguliwa, nikaisugua kama soksi za mtoto wa shule; nilichopata ni bonge gumu ambalo hadi leo hutumika jikoni kushikia sufuria za moto. Tangu siku hiyo nimetumia mifuko ya wavu ya vitunguu, ambayo mama mboga hutoa bila malipo. Jaza sufu ndani ya mfuko bila kuishindilia, uizamishe polepole katika beseni ambalo tayari lina maji na sabuni, kisha uiache kwa dakika 15 bila kuikoroga. Inua mfuko maji yakiwa bado ya moto, kwa maana yakipoa mafuta huirudia sufu, na uuhamishe katika beseni la pili lenye joto lile lile. Beseni mbili za sabuni na mbili za kusuuza hutosha kwa kawaida. Kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, kamwe usisonge kama nguo, kisha tandaza kivulini juu ya wavu. Mwezi wa Julai, jiji likiwa na mawingu kutwa, sufu inaweza kuchukua siku tatu kukauka.

Sufu kavu huchambuliwa kwa vidole hadi takataka zidondoke, halafu huchanwa kwa brashi mbili za waya, zile za kuchania mbwa zikiwemo, mpaka nyuzi zote zilale upande mmoja. Viringisha kila mchano uwe kama mshumaa mwepesi.

Kifaa cha kusokotea hakihitaji fundi. Chukua kijiti kilichonyooka chenye urefu wa sentimita 30, upenyeze katika sidii mbili za zamani zilizobanwa pamoja kwa mpira, na utie ndoano ndogo ya waya kwenye ncha ya juu. Funga uzi wa kuanzia, uulaze juu ya ncha ya sufu, zungusha kijiti kuelekea kulia, kisha ukibane katikati ya magoti ili kisirudi nyuma. Sasa, huku mkono mmoja ukizuia msokoto usipande, mkono wa pili uvute nyuzi chache kutoka kwenye mshumaa. Zikishakuwa nyembamba, achilia msokoto uzipandie. Kujua kama umesokota vya kutosha, legeza uzi kidogo: ukijikunja wenyewe kama kamba, unatosha.

Uzi mmoja peke yake hupinda, ndiyo maana nyuzi mbili husokotwa pamoja kuelekea kushoto, kinyume cha mwanzo. Yeyote aliyewahi kumtazama nyanya wa Kikamba au wa Kikuyu akitengeneza kamba ya kiondo ameliona jambo hili. Kiganja kikienda mbele juu ya paja, kila uzi wa katani hujisokota peke yake. Kikirudi nyuma, nyuzi mbili hukumbatiana, na msokoto wa kwanza huuzuia wa pili usifunguke. Kijiti hufanya kazi ile ile ya paja, ila kwa awamu mbili.

Uzi uliokamilika hulowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, kisha huanikwa. Ukitaka rangi, mrudie mama mboga umwombe maganda ya vitunguu, yapate uzito sawa na wa uzi. Kwa gramu 100 za uzi, yeyusha gramu 10 za shabu katika maji, upashe uzi humo polepole kwa saa moja, halafu uhamishie kwenye supu ya maganda iliyochujwa. Maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko wa jiji, kwa hiyo mapovu yakianza tu, punguza moto. Acha uzi upoe humo usiku kucha. Asubuhi utautoa ukiwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, tayari kusuuzwa.