Mota kubwa kwenye lori la rimoti: anza na pinioni ndogo

Mota ya 550 (550 na 540 ni namba za ukubwa wa mota) ina kipenyo kilekile cha 540, takriban milimita 36, ila ni ndefu zaidi; pima kwanza isije ikagusa chasisi. Skrubu zake za M3 zisiwe ndefu, maana zikizama sana hugusa koili.

Anza na pinioni (gia ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota) yenye meno 2 au 3 pungufu ya ile ya awali. Pinioni kubwa huongeza kasi, lakini mota huvuta umeme mwingi na kuungua. Kaza skrubu ya pinioni kwenye ubapa wa shafti. Bana kipande cha karatasi kati ya pinioni na gia inayozungushwa nayo, kaza skrubu za mota, kisha toa karatasi. Gia zikibanana mno, meno hulika upesi. Endesha dakika 5, upime joto la mota. Likizidi nyuzi 80 za Selsiasi, weka pinioni yenye jino moja pungufu.